Marehemu Anayetumiwa Pesa

Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, Mwanakhamis alimtumia pesa mtoto aliyekwisha kusomewa hitima. Wala si mzaha. Kule Kibokoni, Mombasa, mwanawe Shuaib alikuwa marehemu: watu walimlilia, wakala wali wa matanga, wakaitikia dua, wakatawanyika. Hapa Texas, Shuaib huyo huyo alikuwa hai, mfungwa katika jela ya jimbo, na mfungwa aliye hai huumwa na jino, huishiwa na sabuni, huona njaa saa ambazo jela haigawi chakula.

Mani-oda alizinunua dukani kwa Omer, Msudani wa Gulfton aliyeuza kadi za simu, mchele na nyama ya halali chini ya paa moja, katikati ya yale majumba ya kupanga yaliyojaa watu waliokimbia kwao. Omer alikuwa ameishi Eastleigh kabla ya kuletwa Houston, na Kiswahili alichookota huko alikitumia chote kuulizia mambo ya watu. Alikuwa mwema, lakini hakuweza kukupa karatasi ya pesa bila kujua inakwenda wapi.

"Za kijana?"

"Za kijana."

"Bado yuko chuo?"

"Bado, Omer."

"Mashallah. Huyo atakuwa daktari."

Kwa masomo ya miaka yote ile, kijana angekuwa daktari mara mbili na kubakiwa na muda wa kusomea uwakili. Mwanakhamis alisogea pembeni mwa kaunta, akaandika jina na nambari ya mfungwa kwa herufi kubwa, polepole, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa pesa hurudi au hupotea. Na kila alipofika kwenye lile jina, Shuaib Mselem, aliinua kalamu kwanza. Ndilo jina ambalo maalim alilisoma kila mwaka Kibokoni pamoja na majina ya waliotangulia.

Uongo huu haukuzaliwa mkubwa. Mwanakhamis alikuja Dallas mwaka 1988 kumfuata mumewe, Mselem, dereva wa teksi za uwanja wa ndege. Shuaib walimwacha Mombasa kwa bibi yake, Bi Hadiya, mamake mzazi Mwanakhamis, mpaka mambo yatengemae. Mambo ya Marekani hayana haraka ya kutengemaa. Mtoto alipoletwa alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mama aliyemjua yeye ni Bi Hadiya. Alilia kwa kumtaka mpaka Mselem akawa anampigia Bi Hadiya simu Mombasa kila Ijumaa, ili mtoto asikie sauti ile anyamaze. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba: Ijumaa ni simu ya Bibi, na Bibi huzungumza na Shuaib kwanza, wengine wote baadaye.

Mwaka 1995 Mselem alikufa ghafla kwa maradhi ya moyo, akazikwa katika makaburi ya Waislamu nje ya Dallas. Mjane akaongeza kazi: asubuhi akisafisha ofisi za makampuni kule Plano, jioni akihudumia wazee. Kijana akabaki na marafiki, na marafiki wenyewe ndio hao. Alipokuwa na miaka kumi na minane aliwapeleka wenzake wawili kwenye duka la pombe, akawangoja garini, injini ikinguruma. Ndani, mwenye duka alipigwa risasi akafa, naye alikuwa na mke na watoto kama watu wengine. Sheria ya Texas haikujali nani aliingia na nani alibaki kwenye usukani. Shuaib alipewa miaka thelathini na mitano.

Miezi yote ya kesi, Ijumaa zilikuja vile vile. Yuwapi mjukuu wangu? Yuko shule, mama. Yuko kazini. Amelala, amechoka. Bi Hadiya hakuwa mtu wa kufungwa kitambaa usoni. Ijumaa iliyofuata hukumu, hata salamu hakungoja ziishe.

"Mwanakhamis, mimi n'nakusikiza kitambo. Hunambii kweli. Mtoto ana nini?"

"Amefariki, mama," alisema Mwanakhamis. "Ajali ya gari."

Alikuwa amepiga moyo konde aseme kweli, na badala yake likatoka hilo. Aibu ilikuwepo, hatuwezi kuikana. Marehemu babake, Maalim Athman, alifundisha nusu ya mtaa kusoma Kurani, na mjukuu wa mwalimu kukaa jela kwa damu ya mtu ni neno la kusimuliwa vibarazani mpaka vizazi viishe. Lakini aibu haikuwa yote. Ukifiwa, watu huja. Majamvi hutandikwa, masufuria hutoka kwa majirani, mashoga hukushika mabega ulie mpaka uchoke. Mwanao akifungwa hakuna atandikaye jamvi. Mwanakhamis alikuwa amelia peke yake mwaka mzima, bafuni, bomba likiwa wazi ili wapangaji wa chini wasisikie. Aliposema lile neno, mamake alipiga ukemi, Yumna mdogo wake akapiga ukemi, na nyumba nzima ikalia naye kwenye simu. Akalia nao. Akafarijika. Huko kufarijika ndiko ambako hakujisamehe.

Baada ya hapo uongo ulitaka kulishwa kama mtoto mchanga. Nani amemwosha? Nani amesalisha? Kazikwa wapi? Kando ya babake, alijibu. Yumna akaomba picha ya kaburi, mama apate kulala. Mwanakhamis alirudi makaburini, akatafuta tuta bichi lisilo na jiwe, hatua chache kutoka kwa Mselem, akalipiga picha. Hakujua ni la nani. Bi Hadiya aliiweka picha ile chini ya mto wake, akawa anaisomea Yasini kila Alhamisi jioni. Kwa miaka minane mtoto wa watu asiyejulikana, aliyelala katika ardhi ya Texas, alisomewa Yasini na bibi wa Mombasa ambaye hakuwa wake. Labda ndiye pekee aliyefaidika na jambo hili.

Wawili watatu waliojua kweli kule Dallas walinyamaza, wengine kwa huruma, wengine kwa kuhofia kwamba zamu yao inaweza kuja. Hata hivyo Mwanakhamis hakuweza kukutana nao macho kwa macho. Alihamia Houston, akapanga chumba Gulfton, akapata kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Huko alimjua Prudensia, Mtanzania wa Bukoba, Mkatoliki mwenye kicheko kikubwa na gari kuukuu lililokuwa bado na nguvu za safari. Prudensia aliambiwa kila kitu, kwa sababu bila gari hakuna jela. Jela ilikuwa mbali kaskazini, katikati ya misitu ya misonobari, na hakuna basi linaloshusha watu kwenye lango lake.

Walikwenda kila walipopata Jumamosi ya mapumziko. Mfungwa alikaa upande mmoja wa kioo, mgeni upande wa pili, kila mmoja na mkono wa simu sikioni. Na Shuaib, ambaye sasa alikuwa mwanamume mwenye kifua na ndevu, aliuliza kwanza swali la Ijumaa.

"Shikamoo Mama. Bibi hajambo?"

"Marahaba mwanangu. Hajambo sana. Anasema usiache kusali."

"Mbona hanijibu zile barua ninazompelekea kupitia kwako?"

"Macho, baba. Macho yamemwisha."

"Si amwambie Aunt Yumna amwandikie? Hata line mbili tu."

"Yumna ana watoto wadogo, hapumui."

Salamu hizo alizitunga njiani. Prudensia alimsikia akizijaribu kwa sauti ya chini, kama mwanafunzi anayedurusu, naye hakuweza kujizuia: "Haya dada Mwana, leo Bibi kasemaje?" Kwa kweli zilikuwa salamu nzuri. Bi Hadiya wa kwenye kioo aliumwa na magoti wakati wa mvua, aligombana na muuza samaki, na alikuwa na paka mweupe aliyezaa kabatini juu ya mabuibui yake. Siku ya paka Shuaib alicheka mpaka askari akamtupia jicho. Mwanakhamis alirudi nyumbani na kicheko kile kifuani, kikimchoma.

Sasa, kuna hofu ambayo hakumwambia hata Prudensia. Kila mwaka, baada ya hitima ya Shuaib kusomwa Kibokoni, alipokwenda kumwona alimkuta amepungua. Mashavu yameingia ndani, rangi imefifia, sauti inatoka mbali. Huenda ni chakula, huenda ni joto. Majengo yale hayakuwa na kiyoyozi, na kiangazi cha Texas kikishaingia ndani ya zege hakitoki. Lakini Mwanakhamis alianza kuogopa kwamba dua za Kibokoni zinafanya kazi. Watu wengi, wacha Mungu, wenye nia safi, wanamsindikiza mtu aende zake. Je, akiitika? Ndiyo maana mani-oda haikukosa hata mwezi mmoja, hata miezi ambayo yeye mwenyewe alikula mkate na chai. Maiti hanunui samaki wa kopo. Maiti hanunui tambi wala stempu. Kila alipotuma, alijiona anamvuta mwanawe mguu asiende.

Kisha, mwaka 2006, Bi Hadiya akafa kweli.

Yumna alipiga simu asubuhi, sauti imekauka kwa kulia. Alisimulia yote kama yasimuliwavyo: homa fupi, maji ya zamzam kwa kijiko, shahada. Halafu akasema la mwisho, akidhani anampa dadake zawadi.

"Amekufa anacheka, dada. Alisema, 'Nipeni leso yangu mpya, mimi naenda kwa Shuaib. Ananingoja mlangoni.' Hakuogopa hata kidogo. Sote tumefurahi, wallahi."

Mwanakhamis alikaa sakafuni jikoni. Hakulia. Aliogopa, mchana kweupe. Mamake amekwenda kwa furaha kumkuta mtu ambaye hayuko. Amefika mlangoni amejitanda leso yake mpya, na mlangoni hakuna mtu. Nani atamwambia? Wenyeji wa huko, kama wana ruhusa ya kusema, watamwambia hawakumwona kijana wa jina hilo. Naye, kwa vile alivyokuwa mbishi duniani, hataamini. Atakwenda mlango kwa mlango akimuulizia.

Tangu siku hiyo alimwona. Si ndotoni, kazini, jua likiwa dirishani. Akisukuma kiti cha mgonjwa katika ukumbi mrefu wa ile nyumba ya wazee, aliona pindo la leso likikata kona mbele yake. Akifuata, hakuti kitu. Siku nyingine alisikia hodi kwenye mlango wa chumba kitupu, ile hodi ya Kibokoni, ya sauti na si ya kugonga. Wazee wa Kimarekani waliendelea kutazama televisheni.

"Prude, wafu wanajuana?" aliuliza siku moja wakila chakula cha mchana.

"Jamani, dada, maswali gani haya nikiwa na kijiko mdomoni?" Kisha Prudensia alimtazama usoni, akakiweka kijiko. "Mungu ndiye anajua. Kwa nini?"

"Mama yangu anamtafuta Shuaib huko alikokwenda. Mimi ndiye niliyemtuma."

Prudensia alifanya ishara ya msalaba. Kwa mara ya kwanza hakujaribu kuchekesha.

Jumamosi iliyofuata alimpelekea Shuaib habari. Aliisema kwa maneno machache. Shuaib aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza. Alipoinuka aliuliza jambo moja.

"Alinitaja?"

"Jina lako ndilo la mwisho kutoka kinywani mwake."

Katika miaka yote ile, hiyo ndiyo salamu ya kwanza ya kweli aliyomletea, na hakuweza kumwambia ilivyosemwa.

"Mama, sikiza. Zile pesa unazotuma, nyingi ziko. Sikuzigusa."

"Hukuzigusa? Unakula nini basi?"

"Nakula chao. I'm fine, Mama, usi-worry. Nilikuwa nasema nikitoka nimkute Bibi, nimpeleke Hijja. Basi. Nita-sign wakutumie hundi. Peleka Mombasa, hitima ya arubaini iwe yangu mimi. Chakula changu, maalim ataje pesa ni za nani. Aseme, Shuaib. Aseme kwa jina, watu wasikie."

"Na feni? Si ulisema tangu mwaka juzi utanunua feni ya duka la jela?"

"Feni itangoja."

Mwanakhamis alimtazama mifupa ya shingo. Kumbe alikuwa anamtumia pesa za kuishi, naye anaziweka kwa ajili ya bibi anayemlilia. Aliitikia kwa kichwa. 

Hundi ilikuja, akaibadilisha, akazituma pesa Mombasa kupitia kwa Omer. Kwa Yumna alisema tu kwamba ni za hitima. Yumna akashukuru, akamlaumu kwa kujinyima. Ng'ombe akanunuliwa, mchele ukanunuliwa. Mwanakhamis akawa haoni usingizi, maana aliona vizuri linalokuja: pesa za mtu aliye hai zitapika pilau ya watu watakaomwombea kama maiti, kando ya bibi yake, safari hii kwa kinywa kilichoshibishwa naye mwenyewe. Na Bi Hadiya? Sote tumefundishwa kwamba wafu hufikiwa na dua wanazoombewa. Atasikia jina la Shuaib likisomwa kati ya wafu pamoja na lake, aseme, nilijua tu yuko huku, na aanze kutafuta upya.

Siku ya arubaini, Mombasa ilikuwa alasiri na Houston ni asubuhi. Alikaa na Prudensia garini, mbele ya kazini, kadi mpya ya Omer ikiwa imekwishapigwa. Yumna alikuwa chumba cha wanawake, ameshikilia simu yake ya mkononi kwenye dirisha linaloelekea barazani, walipokaa wanaume. Mwanakhamis alisikia kurasa za juzuu zikifungwa, wazee wakikohoa, kunguru wa Mombasa wakipigana juu ya paa. Maalim akaanza dua. Alisema Kiarabu, kisha akageukia Kiswahili, na thawabu za kisomo zikaanza kugawiwa. Utaratibu ulikuwa ule ule wa kila mwaka: Maalim Athman kwanza, na wazee wa zamani, halafu sasa Bi Hadiya, halafu Mselem, halafu Shuaib.

"Yumna," alisema Mwanakhamis. "Mwambie maalim asimsome Shuaib."

"Nini? Nisemeze polepole, dua inasomwa."

"Asimsome Shuaib. Hakufa."

Kunguru walisikika. Kisha Yumna, kwa sauti ya upole atumiayo mtu kwa mgonjwa: "Dada, leo ni siku nzito. Kaa chini unywe maji."

"Yu hai, Yumna. Yuko jela. Nilisema uongo. Hizo pesa za hitima ni zake yeye, ndiye aliyekulisheni leo. Mzuie maalim kabla hajafika, nakuomba, mama anamtafuta!"

Yumna angeweza kuizima simu. Kwa heshima ya nyumba ile na wageni waliojaa, pengine ndivyo ambavyo ndugu zake wangetaka afanye. Badala yake alifanya jambo ambalo mwanamke wa nyumba ya Maalim Athman hajawahi kulifanya. Alisukuma dirisha likagonga ukuta, akapaza sauti juu ya wanaume.

"Maalim! Ngoja! Usiendelee!"

Palizuka vurugu. Viti viliburutwa. Mwanamke mmoja alisema, "Miaka minane tumemlilia!" na mwingine akacheka, kicheko kibaya cha mtu asiyejua afanye nini. Mtu aliuliza kama Mwanakhamis amerukwa na akili. Garini, Prudensia alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili ingawa gari haliendi popote, na machozi yalimchuruzika.

Yumna akarudi kwenye simu. Upole wote ulikuwa umemwisha. "Maalim auliza, kafungwa kwa nini? Kaua?"

"Aliendesha gari. Wenzake walimuua mtu, mwenye duka, yeye akiwangoja. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Alisikia mdogo wake akiyasema maneno yale, moja baada ya jingine, mbele ya mtaa mzima. Jina la Maalim Athman likaanguka pale barazani na kila mtu akaliona. Mwanakhamis alitamani ardhi ya Texas immeze. 

Kisha maalim alisafisha koo. Akaanza upya.

Maalim Athman. Wazee wa zamani. Bi Hadiya binti Said. Mselem. Hapo Mwanakhamis alifumba macho. Pumzi moja ilipita, na jina halikuja. Maalim aliendelea na majirani waliotangulia, na Waislamu wote, akafunga mlango wa wafu, akawageukia walio hai. Akawaombea wagonjwa. Akawaombea wasafiri. "Na mjukuu wake, Shuaib mwana wa Mselem, mwenye kutoa chakula hiki, aliye kifungoni ugenini, Mola amsamehe na amrejeshe kwao. Na yule aliyeuawa, Mola awape subira watu wake."

Amina iliyoitikiwa haikuwa moja. Ilitoka vipande vipande, ya huyu kwanza, ya yule baadaye, na wengine hawakuitikia kabisa.

"Umesikia?" aliuliza Yumna.

"Nimesikia."

"Basi usinipigie mpaka nikupigie mimi." Simu ikakatwa. Mpaka leo Yumna hajapiga.

Mwanakhamis aliingia kazini akavaa aproni. Mchana ule aliliona tena pindo la leso, mwisho wa ukumbi. Halikukata kona. Lilikuwa limetulia kwenye kizingiti, kama mtu aliyeambiwa jambo naye anataka kwanza kukaa. Hakulifuata.

Lilibaki la mwisho, na ndilo alilolihofia kuliko baraza zima la Kibokoni. Jumamosi alikaa mbele ya kioo. Shuaib alikuwa amenyolewa, macho yanang'aa.

"Walisema kwa jina?"

"Kwa jina lako. Nimelisikia kwa masikio yangu."

Alitabasamu vile alivyotabasamu akiwa na miaka kumi na mmoja, akipewa simu ya Ijumaa. Mama angeweza kunyamaza hapo. Nani angemlaumu? Lakini alikuwa amechoka kuwa na mtoto wa aina tatu, mwanafunzi kwa Omer, marehemu kwa Yumna, na hapa mjukuu anayesalimiwa. Akamwambia. Alianza na ile Ijumaa, akaja kwenye matanga, picha ya tuta, Yasini za Alhamisi, na leso mpya. Hakuacha kitu wala hakujitetea.

Shuaib alisikiliza bila kupepesa.

"Kwa hivyo Bibi alijua nimekufa."

"Ndiyo."

"Miaka yote hii. Hakuwa amenikasirikia."

"Hakukukasirikia hata siku moja. Alikulilia."

"Na salamu? Yale magoti? Paka?"

"Zilikuwa zangu, mwanangu. Zote zilikuwa zangu."

Shuaib alilaza mkono wa simu mezani. Hakuuning'iniza mahali pake, aliulaza tu, akakaa akiwa ameelekea kioo bila kumwona aliye mbele yake. Mwanakhamis alisema jina lake. Alilisema tena, akijua hasikiki. Alijua pia kwamba mfungwa ana haki ya kufuta jina la mgeni, na kwamba anayefutwa hasogei tena karibu na lango lile. Ndivyo mama naye anavyoweza kufanywa maiti. Dakika za kuzuru zilikwenda hivyo, mmoja na simu sikioni, mwingine bila.

Askari alikuja akamgusa bega. Shuaib alisimama, akageuka, akapiga hatua. Halafu akarudi, akainama, akaushika mkono wa simu.

"Mama," alisema, bila kumtazama. "Mwezi ujao tuma za feni. Joto la humu si mchezo."

Akaondoka na askari wake.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi Mwanakhamis alikuwa dukani Gulfton kabla Omer hajamaliza kupandisha mlango wa chuma. Aliomba mani-oda kubwa kuliko ya siku zote.

"Za kijana?" aliuliza Omer.

"Za kijana. Za feni."

"Feni? Chuo gani hicho hakina AC, Texas hii?"

"Si chuo, Omer," alisema Mwanakhamis, akaivuta kalamu karibu. "Mwanangu yuko jela. Yu hai, ana joto."